Kisu kikubwa cha kukunja cha kazi za kila siku: nichukue bapa la umbo gani?

BwanaShamba_Njombe

Wakuu, habari za kazi. Natafuta kisu cha kukunja, kikubwa, bapa la sentimita 9 mpaka 10 hivi, cha kukaa mfukoni toka asubuhi hadi jioni. Nazungukia mashamba ya parachichi kwa pikipiki, na kisu cha ala kiunoni kinanichoma nikikaa.

Kazi zenyewe: kukata mipira ya umwagiliaji, kamba za katani na za manila, kufungua viroba vya mbolea, kuchonga mambo (vigingi) za kupimia mistari, kupasua parachichi niangalie kama ganda la kokwa limeshageuka kahawia. Mwisho wa wiki akichinjwa mbuzi nyumbani, mchunaji ni mimi.

Nimekutana na maumbo manne. Dropu pointi, mgongo unateremka taratibu mpaka nchani. Klipu pointi, mgongo umekatwa karibu na ncha, ncha inabaki nyembamba na kali. Tanto, makali yanakwenda moja kwa moja kisha yanakata kona kupanda juu. Na mguu wa kondoo: makali yamenyooka tii, mgongo ndio unaoinama kuyafuata, ncha haichomi. Bei hazijapishana sana. Wenye uzoefu naombeni mwongozo, na mnipe sababu, si jina tu.

MnoaVisu_Moro

Mkuu, hongera kwa kutaja kazi zako. Wengi huuliza "kisu gani kizuri" halafu hawasemi wanakata nini.

Angalia kisu kwa sehemu zake. Kuna makali yaliyonyooka karibu na mpini, hapo ndipo penye nguvu ya mkono. Kuna tumbo, yaani pale makali yanapopinda kupanda juu, hapo ndipo pa kuchunia na kukatia kwa kuvuta. Halafu kuna ncha. Kila umbo kati ya hayo manne linakuongezea sehemu moja kwa kukupunguzia nyingine.

Klipu pointi inakupa ncha. Ni umbo la zamani sana na watu wanalipenda: Buck 110, kile kisu cha Kimarekani cha mpini wa mbao na shaba kilichotoka 1964, ni klipu pointi, na visu vingi vilivyokuja baadaye vimekiiga. Ncha nyembamba inaingia popote, kutoa mwiba, kutoboa tundu kwenye mpira, kukata uzi wa kiroba bila kugusa kiroba. Ubaya wake ni huohuo wembamba. Ukibanduia kitu kwa ncha, ukakipinda kidogo pembeni, inavunjika. Visu vingi vya kukunja vinavyoletwa kwangu vimekatika ncha, na karibu vyote ni vya umbo hili.

Dropu pointi ina nyama zaidi nchani, na ncha yenyewe imeshuka ikakaa karibu na mstari wa katikati wa mkono. Ndiyo maana ukitoboa unajua inatokea wapi. Fundi wa Kimarekani Bob Loveless ndiye aliyeipa umaarufu kwenye visu vya kuwindia, kwa sababu tumbo lake linachuna ngozi na ncha haikimbilii kutoboa usichotaka kutoboa. Kwa orodha yako ningeishia hapa.

Lakini kuna jambo ambalo hukuuliza na lina uzito kuliko umbo: unene. Bapa la milimita 4 mgongoni, hata liwe na umbo zuri kiasi gani, litapasua parachichi badala ya kulikata. Opinel namba 8 ya Ufaransa haifiki milimita 2 na inakata chakula vizuri kupita visu vya bei mara tano yake. Kwako wewe unayechonga na mambo, tafuta milimita 2.5 hadi 3, na bapa lililosawazishwa kutoka mgongoni mpaka kwenye makali, si lile lililochongwa pembeni kidogo tu.

Nahodha_Lamu

Bwana shamba, mimi nakutetea mguu wa kondoo, maana huku watu wataupita kwa kuuona hauna ncha.

Chomboni kisu chenye ncha ni hatari. Upepo umegeuka ghafla, demani (kamba ya tanga) imenasa, mashua inalala upande, una mkono mmoja wa kushikia na mmoja wa kisu, na mwenzako yuko mbele yako. Kisu kisichochoma ndicho unachokitaka hapo. Mabaharia wa nchi nyingi wamebeba umbo hili tangu enzi za matanga kwa sababu hiyohiyo.

Na si usalama tu. Makali yaliyonyooka yanagusa kamba kwa urefu wake wote. Kamba haitelezi kwenda nchani kama inavyotelezea kwenye tumbo la dropu pointi. Weka mpira wako wa umwagiliaji juu ya ubao, shusha kisu, mpira umekatika wima, na unajua ukikatwa mshazari maungio yanavuja. Kunoa ndiyo usiseme: jiwe bapa, makali yaliyonyooka, hata mtoto wa chuo anaweza.

Habari ya chuma, walio pwani wasikilize: chuma cha kaboni baharini hakina maisha. Kampuni ya visu ya Spyderco wana visu vyao vya Salt, vimetengenezwa kwa vyuma kama H1 na LC200N ambavyo havishiki kutu kwenye maji ya chumvi. Bei inauma, lakini vinakaa.

Dereva_Tunduma

Mimi natumia tanto na sioni aibu. Ile kona pale makali yanapokata ndiyo naitumia kuliko ncha yenyewe. Nafungua maboksi, nakata plastiki ya kufungia mizigo, nakwangua gasketi iliyogandia kwenye chuma, na sehemu iliyobaki ya makali naiachia kazi safi. Kona ikiisha ukali, kisu bado kinakata. Ncha yake nene, sijaivunja.

MnoaVisu_Moro

Dereva, kwa gasketi nakubali kabisa. Ila nyongeza kwa wasiojua: tanto hii ya kona si ile ya Japani ya kale, ambayo makali yake hupinda taratibu kuelekea nchani. Hii ya kona ilienezwa na kampuni za Marekani kuanzia miaka ya 1980, Cold Steel wakiwa mbele. Kunoa kwake ni kunoa visu viwili: unanoa sehemu ndefu, unasimama, unanoa sehemu ya nchani kwa mkao mwingine, na ukizembea kona inakuwa mviringo na faida yote imekwenda. Na kwa kuchuna mbuzi haifai hata kidogo. Haina tumbo, na kona inakwama kwenye ngozi.

Buchari_Kiambu

Kwa mbuzi acha niseme, hiyo ndiyo kazi yangu. Ukianza kupasua ngozi tumboni unataka ncha iingie juu juu tu, makali yakiangalia nje, vidole viwili vikiinua ngozi. Klipu pointi kwa mkono usiozoea itatoboa utumbo, na nyama imeharibika. Dropu pointi inasamehe. Mguu wa kondoo utakusumbua pale mwanzo, unaweza lakini unahangaika.

Kitu kingine, ndugu yangu. Kisu cha kukunja kina maungio, na damu na mafuta vinaingia mle ndani. Ukimaliza kuchuna kifungue, maji ya moto na sabuni, mswaki wa zamani mpaka kwenye loki (kile kifungio kinachozuia bapa lisijikunje), kausha, tone la mafuta. Na usikate mbolea asubuhi halafu nyama jioni kwa kisu hichohicho bila kukiosha hivyo. Ingekuwa mimi ningebaki na kisu cha nyama peke yake, kisichokunjwa, kinakaa jikoni.

Mbongo_Leicester

Wakuu, kwa tulio Uingereza tahadhari: umbo la bapa hapa si tatizo, tatizo ni loki na urefu. Kwa sheria ya 1988 unaruhusiwa kutembea hadharani na kisu cha kukunja kisicho na loki, makali yasizidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Chenye loki, hata kiwe kifupi, lazima uwe na sababu ya maana, na "nimezoea kukibeba" si sababu. Ninacho Opinel namba 10 cha bustani, ile ringi yake inakifunga, kwa hiyo kinasafiri ndani ya mkoba wa vifaa na kinarudi nyumbani na mkoba. Ndugu zetu mnaokuja kutembea, hata uwanja wa ndege hakipiti kwenye mzigo wa mkononi, kiweke kwenye begi la kukabidhi.

BwanaShamba_Njombe

Nashukuru sana, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Kisu cha nyama nitakitenga, buchari amenishawishi. Basi nimebaki na dropu pointi na mguu wa kondoo. Maswali mawili. Kuna dropu pointi yenye meno nusu, upande wa mpini, muuzaji anasema ni kwa ajili ya kamba. Nichukue? Na Okapi je, bei yake ni rahisi kuliko zote.

MnoaVisu_Moro

Meno nusu, hapana. Meno yanakata manila na katani vizuri mno, hilo ni kweli. Lakini angalia yamewekwa wapi: palepale karibu na mpini ambapo unachongea mambo. Ukichonga mti kwa meno unapata mikwaruzo, na nguvu ya mkono wako inapotea. Kisha jiwe bapa halinoi meno, unahitaji kifimbo cha duara, jino moja moja. Makali laini yaliyonolewa sawasawa yanakata katani bila shida.

Okapi naiheshimu. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa soko la makoloni ya Afrika, na tangu 1988 inatoka Afrika Kusini. Chuma cha kaboni, kinanoleka upesi, na kinashika kutu upesi vilevile. Kwa baridi na ukungu wa Njombe lazima ukipake mafuta kila jioni. Shida yangu nacho ni loki ya ringi, inataka mikono miwili kuifungua, na wewe mara nyingi mkono mmoja umeshika mpira wa maji.

Nahodha_Lamu

Kwa shamba nakubali, usichukue meno. Chomboni mimi nataka meno bapa zima, si nusu, kwa sababu amari (kamba ya nanga) nene iliyolowa haingoji. Na kama nyama umeshaiondoa kwenye kazi zake, bwana shamba, basi tumbo la dropu pointi unalitakia nini tena? Mipira, kamba, viroba, mambo: zote kazi za makali yaliyonyooka.

BwanaShamba_Njombe

Nahodha, hapo umenigusa. Leo jioni nimekwenda dukani na kipande cha mpira na kamba, muuzaji akaniruhusu kujaribu. Mguu wa kondoo umekata mpira wima kama ulivyosema. Parachichi nalo nimepasua, ila kwa kulizungushia kokwa nilikosa ncha. Bado sijali sana. Nimelipia mguu wa kondoo, milimita 3, kibanio cha mfukoni, loki ya mkono mmoja.

MnoaVisu_Moro

Chaguo zuri. Kabla hujakitumia kipitishe kwenye kinoo, maana makali ya kiwandani mara nyingi yana pembe butu. Nyuzi 20 hivi kila upande, jiwe lililolowa, sukuma kutoka mpinini hadi mwisho wa makali bila kuinua mkono. Pale mwishoni usikandamize, ndipo kona ya mguu wa kondoo inapoliwa bila mtu kujua.

Dereva_Tunduma

Na kaza skrubu ya maungio baada ya wiki ya kwanza. Mtikisiko wa pikipiki unailegeza.