Ufuta nilime mimi, ruhusa ya kuuza nikaombe kwa nani?

Mrangi Halisi
Wakuu habari za jioni. Naomba tujadili bila matusi. Baba mdogo yuko Chemba, amelima ufuta ekari nne kwa jembe lake na mbegu yake. Juzi mtoto kaugua, akafunga gunia mbili kwenye pikipiki apeleke kwa mnunuzi wa mtaani apate hela siku ileile. Kwenye kizuizi akashushwa. Akaambiwa ufuta ni zao la stakabadhi ghalani: upite chama cha msingi, uende ghalani, usubiri mnada, ndipo hela iingie benki. Gunia zikalala pale, yeye akarudi na kamba tu.

Mahindi yake anauza popote. Mbuzi anapeleka mnadani na hakuna anayemuuliza. Kwa nini ufuta, dengu na mbaazi viwe na mlango mmoja? Mfanyabiashara akihodhi soko peke yake tunamwita mkiritimba na kuna tume ya ushindani ya kumshughulikia. Serikali ikishika huo mlango mmoja tunaiitaje?

Mzani wa Kibaigwa
Umemaliza kila kitu mkuu. Mimi nimenunua mazao miaka 14, sijawahi kumshikia mkulima panga. Bei yangu akiitaka anachukua, asipoitaka anamfuata wa jirani. Sasa hivi wa jirani hayupo, kuna ofisi.

Chama Ni Watu
Ndugu Mrangi, pole kwa mgonjwa, lakini simulia yote. Kabla ya mnada watu walikuwa wanakuja mwezi wa pili ufuta ukiwa maua, wanakukopesha hela ya palizi, mavuno yakifika wanabeba kwa bei waliyoipanga wao tangu shambani. Mizani yao imechezewa. Leo wanunuzi wanashindana kwenye mfumo wa TMX, soko la bidhaa la mtandaoni, bei ya juu inasomwa mbele ya wakulima, na wakulima wakiona hailipi wanaikataa. Huyo "mnunuzi wa mtaani" tunamjua. Kwa jina la kusini anaitwa kangomba.

Mzani wa Kibaigwa
Kangomba ni nani? Nitajie. Nalipa leseni, nalipa ushuru, nalipa kodi ya stoo, na wewe karani unayeishi kwa makato ya jasho la wenzio unaniita mwizi? Orodhesha makato hapa watu waone: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya ghala, ya usafiri, ya halmashauri. Mkulima akifika benki anakuta kilo moja imegawana watu watano.

Nyani Mzee
Ukurasa wa kwanza tu na tayari kuna kangomba na karani. Nachemsha chai.

Soko Huria
Niingie kama mwanafunzi wa uchumi hapa UDOM. Kuna watu duniani wanaoamini kazi ya serikali ni kulinda maisha, mali na mikataba ya watu, basi. Milton Friedman, aliyepata Nobeli ya uchumi 1976, alikuwa na hoja ambayo wengi hapa hawataipenda: ukiritimba wa mfanyabiashara huwa haudumu, kwa sababu faida yake inaita washindani. Ule unaodumu, ukichimba chini, mara nyingi utakuta kibali, leseni au marufuku ya serikali.

Mfano wa nyumbani. Zamani simu ya mezani unaiomba unasubiri miaka. Kampuni za simu za mkononi zilipoanza kuruhusiwa 1994 na baadaye zikawa nyingi, leo mchunga mbuzi wa Bahi ana laini mbili. Na sisi wa Dodoma tuliishi na CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu, tangu 1973: ardhi yote ya mji mikononi mwa mamlaka moja, hati ya miaka 33 wakati wenzetu mikoani wanapewa 99, nyumba zinavunjwa. Ilivunjwa 2017 na sikumwona mtu analia. Ufuta una tofauti gani?

Mwalimu Mstaafu
Mbukwenyi. Kijana, umeongea vizuri ila umeruka ya wazee wako. Nilikuwa nafundisha Mpwapwa wakati mahindi yananunuliwa na NMC, shirika la usagishaji la serikali, peke yake. Bei moja nchi nzima, uwe karibu na reli au nyuma ya mlima. Vyama vya ushirika vilifutwa 1976, vikarudishwa 1982. Katikati hapo mkulima alikuwa anasubiri lori la serikali kama anavyosubiri mvua. 1983 wakakamatwa walanguzi, na ninayemkumbuka aliyekamatwa kijijini kwetu alikuwa na katoni za sabuni chini ya kitanda. Kwa hiyo sikatai hoja ya mlango mmoja. Ila nilikuwepo pia mlango ulipofunguliwa. Walioingia kwanza hawakuwa malaika.

Soko Huria
Shikamoo mwalimu. Umenipa hoja bure. Na kongwe kuliko hiyo ni karanga za Kongwa, mradi wa serikali ya Wajerumani, hela nyingi zikateketea kwa sababu wakubwa walipanga kilimo wakiwa ofisini Ulaya.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Waingereza, si Wajerumani. Walianza 1947, wakaukata mapema 1951, wakafuta hasara ya zaidi ya pauni milioni 30. Walileta vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, udongo wa Kongwa kiangazi ukawa saruji. Mjerumani aliondoka baada ya vita ya kwanza, chuo kikuu hamkufundishwa?

Chama Ni Watu
Na wazo la mradi huo lilipelekwa serikalini na kampuni binafsi, United Africa Company, ya ukoo wa Unilever, na ndiyo iliyousimamia mwanzoni. Usichague nusu ya hadithi, mtaalamu wa Nobeli.

Soko Huria
Kampuni inayotumia hela za walipa kodi si soko huria. Ingekuwa inakula mfukoni mwake ingeacha msimu wa kwanza.

Mama Zabibu
Jamani na mimi niseme. Nina zabibu Hombolo, eka moja na nusu. Kwangu hakuna stakabadhi wala kizuizi wala mnada. Uhuru wote mnaougombania ninao. Zabibu ikiiva haisubiri, siku chache tu inaanza kunyauka na nyuki wamejaa. Wenye viwanda vya mvinyo ni wachache na wanajuana. Mwaka jana kaja mmoja, kataja bei, nikasema ndogo, akasema mama basi kesho. Hakuja kesho. Kaja siku ya nne, bei imeshuka tena, nikauza. Huyo wa Nobeli aniambie, hapo mshindani anakuja lini? Maana serikali haijamzuia mtu.

Mzani wa Kibaigwa
Karani umekimbia swali la makato.

Chama Ni Watu
Sijakimbia, nilikuwa nakula. Makato yanapitishwa na wanachama kwenye mkutano mkuu. Ulishahudhuria mkutano wowote zaidi ya ule wa kuvizia magunia?

Mzani wa Kibaigwa
Na korosho ya 2018? Si mlikuwa na mfumo wenu huohuo? Serikali ikabeba yote kwa 3,300, wanajeshi wakapakia, kisha mkulima anahakikiwa shamba lake kama mtuhumiwa. Kuna waliolipwa mwaka uliofuata.

Chama Ni Watu
Ule haukuwa mnada, ulikuwa mnada uliokatizwa. Wakulima ndio waliogomea bei za wanunuzi, tena mnadani. Mbele ya pikipiki yako wangegoma?

Soko Huria
Tatizo la nchi hii ni kudhani mtu mzima hawezi kujiamulia. Chukueni lumbesa, lile gunia la kujaziwa kupita kipimo mpaka lina kilemba juu. Mkulima ana akili timamu, mnunuzi ana akili timamu, wamekubaliana gunia la debe saba kwa bei fulani. Serikali inaingia na kilo zake 100, faini, kamatakamata. Nani aliyedhulumiwa pale? Ni hiari.

Kuli wa Majengo
Mimi.

Kuli wa Majengo
Nimesema mimi. Unauliza nani kadhulumiwa, ni mimi niliyelibeba. Niko soko la Majengo mwaka wa tisa. Gunia la vitunguu lenye kilemba ukiliweka kwenye mzani linapita 130. Nalipwa kwa gunia, silipwi kwa kilo. Wewe na mwenzio mmekubaliana, mgongo ni wa nani?

Soko Huria
Pole kaka. Lakini kusema kweli na wewe ulikubali. Hakuna aliyekulazimisha kubeba. Ungeweza kukataa.

Kuli wa Majengo
Nikatae halafu?

Nyani Mzee
Dogo futa hiyo post kabla hajafika chuoni.

Kuli wa Majengo
Sina hasira mimi, namjibu kwa adabu. Siku nikikataa anabeba mwingine na mimi naenda nyumbani. Hiyo hiari yako ni ya mtu aliyekula. Njoo kesho saa kumi alfajiri ubebe magunia mawili tu, moja moja begani, kisha tuendelee na Nobeli.

Mzani wa Kibaigwa
Tusimwonee kijana. Niwaambie lumbesa ilikotoka maana mnaongea msichokijua. Ushuru ulikuwa unatozwa kwa gunia. Lori linatoza kwa gunia. Kuli kwa gunia. Stoo kwa gunia. Kila anayeweka mkono anahesabu magunia, hakuna anayehesabu kilo, sasa nani mwendawazimu ajaze gunia dogo?

Soko Huria
MMEONA! Ushuru wa serikali ndio uliozaa lumbesa, kisha serikali hiyohiyo ikaajiri watu wa kuikamata. Huo ndio mzunguko ninaousema: kanuni inazaa ujanja, ujanja unazaa kanuni nyingine.

Kuli wa Majengo
Lumbesa imezaliwa na sindano na kamba. Na aliyeshika sindano yuko hapa kajiita Mzani.

Mzani wa Kibaigwa
Wewe kuli nani amekuita? Nimekutaja?

Mwalimu Mstaafu
Mfanyabiashara, sisi wenye mashamba pia tuna swali. Gunia la mahindi ni debe sita. Ulipokuwa unachukua saba, ile ya saba ulimlipa nani? Usiniambie bei ilishazingatia. Mke wangu aliuza hivyo miaka kumi na hakuna aliyemwambia bei imezingatia nini.

Mzani wa Kibaigwa
Mwalimu kwa heshima yako, bei ya gunia la debe saba haikuwa ya debe sita. Mkulima anajua. Kibaigwa kuna mizani mikubwa ya soko, aliyetaka kupima alipima.

Mwalimu Mstaafu
Kibaigwa, ndiyo. Kijijini kwetu mzani ulikuja na lori lako ukaondoka na lori lako.

Mrangi Halisi
Wakuu, mada ni ufuta. UFUTA. Tuko ukurasa wa sita wa vitunguu.

Chama Ni Watu
Turudi basi. Ndugu Mrangi, baba mdogo amejiandikisha mbolea ya ruzuku?

Mrangi Halisi
Hilo linahusiana vipi?

Chama Ni Watu
Jibu.

Mrangi Halisi
Amejiandikisha. Ya mahindi. Ni kodi zetu zile, si hisani.

Chama Ni Watu
Na umeme wa REA, wakala wa serikali wa umeme vijijini, je, aliunganishiwa kwa 27,000? Au alisubiri mshindani wa TANESCO apeleke nguzo Chemba?

Nyani Mzee
Hahaha mwamba kashikwa. Uhuru wakati wa kuuza, ujamaa wakati wa kununua.

Mrangi Halisi
Nicheke tu. Kwa hiyo mtu akipewa mfuko wa mbolea ndio anakuwa amekabidhi gunia zake? Mwaka mmoja mfuko, maisha yote kizuizi? Sikatai mnada uwepo. Uwepo! Mwenye muda aende mnadani apate bei nzuri. Mwenye mgonjwa ndani auze leo. Kama mnada ni mzuri hivyo, kizuizi cha nini? Watu wangekimbilia wenyewe.

Soko Huria
Hapo ndipo penyewe.

Chama Ni Watu
Ukiruhusu wa leo, wanunuzi wakubwa wote wanahamia kwa wa leo, mnada unabaki na magunia kumi na bei inakufa. Kitu kama hicho ni cha wote au hakipo.

Mrangi Halisi
Basi mwambie hivyo mtoto anayeumwa.

Chama Ni Watu
Usitumie mtoto kama hoja ndugu yangu. Chama chetu kina mkopo wa dharura, mwanachama anachukua akisubiri mnada. Chake hakina?

Mrangi Halisi
Chake kina mwenyekiti tu.

Nyani Mzee
Mtoto kapona lakini?

Mrangi Halisi
Anaendelea vizuri. Tuliuza mbuzi.

Mama Zabibu
Nimesoma kurasa zote nane. Lumbesa, Wajerumani, mbolea. Hakuna hata mmoja aliyenijibu.

Soko Huria
Mama samahani, lilinipita. Jibu fupi: faida ya viwanda ikiwa kubwa, wengine watafungua viwanda.

Mama Zabibu
Baada ya muda gani mwanangu?

Soko Huria
Inategemea mtaji, na vibali. Vibali ndio vinachelewesha.

Mama Zabibu
Sawa. Zangu zinaiva wiki mbili zijazo. Kama kilo 800 hivi, nyeusi, hazina ugonjwa. Mwenye kujua mnunuzi mwingine zaidi ya wale wawili aje kwenye ujumbe.

Mzani wa Kibaigwa
Mama mimi zabibu sijawahi, ila nina gari linakwenda Morogoro na Dar kila wiki. Naweza kujaribu kwenye masoko ya matunda. Unauza bei gani?

Mama Zabibu
Taja wewe kwanza, wewe ndiye mwenye soko.

Mzani wa Kibaigwa
Nitakuja kuona mzigo. Ila mimi huwa nanunua kwa kreti.

Mama Zabibu
Kreti iliyojaa, au yenye kilemba?