Mashindano ya Mlima Washington: je, gia zangu zitatosha?

MtuWaLimuru aliuliza:

Ndugu zangu, salamu. Mimi ni mzaliwa wa Limuru ninayeishi Massachusetts, na nimejiandikisha kwa mara ya kwanza katika mashindano ya baiskeli ya kupanda Mlima Washington, kule New Hampshire, mwezi Agosti. Nina umri wa miaka 46, uzito wa kilo 74, na kila Jumamosi huendesha kilomita 80 bila taabu. Gia yangu ndogo ya mbele ina meno 39, na kubwa ya nyuma ina meno 25. Fundi wangu anasema kwamba zinatosha, kwa sababu barabara yenyewe ni kilomita 12 tu. Mke wangu naye anahofia hewa nyepesi ya kileleni. Nimsikilize nani?

Babu Pedeli alijibu:

Kaka, kwa heshima zote, fundi wako hajaupanda mlima huo. Mwinuko wa wastani ni asilimia 12, na hakuna mahali pa kupumzikia, kwani barabara hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1861 kwa ajili ya magari ya farasi, hupanda takriban mita 1,400 bila mteremko wowote wa maana. Hebu tupige hesabu. Gurudumu lako likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.1, hivyo kwa meno 39 mbele na 25 nyuma, kila mzunguko wa pedeli unakusogeza zaidi ya mita 3. Ukipanda kwa kilomita 7.5 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu wa kawaida pale, miguu yako itazunguka mara 38 tu kwa dakika, na magoti yatalalamika kabla ya nusu ya safari. Weka meno 34 mbele na 34 nyuma, nawe utazungusha mara 60 kwa mwendo uleule.

Mwaka wangu wa kwanza niliusikiliza ushauri wa aina hiyo hiyo. Karibu na kilele kuna kipande kifupi kinachofikia asilimia 22, na hapo gurudumu la mbele lilianza kuinuka kila nilipovuta usukani. Nilishuka nikidhani nitapumua kidogo, kumbe kupanda tena kwenye mwinuko ule ni kazi nyingine kabisa: mguu mmoja ukiwa umefungwa kwenye pedeli, wa pili ukitafuta, baiskeli ilisimama na mimi nikaanguka ubavu mbele ya watazamaji. Nilimaliza nikiisukuma.

Shangazi wa Concord alijibu:

Kuhusu hewa, mwambie mkeo atulie. Kilele kiko mita 1,917 juu ya usawa wa bahari, na wewe umezaliwa mahali palipo juu zaidi ya hapo. Cha kuogopa ni upepo na baridi. Mwaka 1934 kituo cha hali ya hewa cha kileleni kilipima upepo wa kilomita 372 kwa saa, na hata Agosti unaweza kuondoka chini ukitokwa na jasho ukafika juu meno yakigongana. Tena kumbuka kwamba hairuhusiwi kuteremka kwa baiskeli, kwa hiyo ni lazima uwe na gari la kukurudisha. Gari hilo hupandishwa asubuhi kabla ya mashindano, basi mpe dereva koti zito, glovu na suruali kavu. Mimi ndiye dereva wa mume wangu, na koti hilo hulikagua mwenyewe, kwa sababu yeye husahau.

MtuWaLimuru aliuliza tena:

Asanteni sana. Je, ninaweza kwenda huko mapema nikaijaribu barabara?

Babu Pedeli alijibu:

Hapana, siku za kawaida baiskeli haziruhusiwi humo. Tafuta kilima kikali cha dakika kumi karibu nawe, ukipande mara tano au sita ukiwa umeketi, bila kusimama kwenye pedeli. Siku yenyewe, kilomita mbili za mwanzo zitakudanganya kwamba una nguvu nyingi, waache wanaokupita. Mwanabaiskeli wa kulipwa wa Marekani, Tom Danielson, alitumia dakika 49 na sekunde 24 mwaka 2002, lakini wewe panga saa moja na dakika 40.

MtuWaLimuru alijibu:

Nimeagiza gia za meno 34, mbele na nyuma. Shemeji yangu atakuwa dereva, na mke wangu amekwisha kulifunga koti.