Chinggis Khan, shujaa au muuaji? Niko kwao Mongolia, tujadili

Mzururaji: Wakuu salaam. Niko Mongolia, jana nilifika Tsonjin Boldog, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari toka mji mkuu Ulaanbaatar, pale penye sanamu ya Chinggis Khan (wengine humwita Genghis), yule mtawala wa Wamongolia, juu ya farasi, mita 40 kwenda juu, chuma kisichoshika kutu, unapandia ndani kwa ndani mpaka unatokezea kichwani mwa farasi, ukigeuka unakutana uso kwa uso na mzee mwenyewe. Uwanja wa ndege jina lake, noti ya 20,000 sura yake. Na enzi zile za Wasovieti kumsifu ilikuwa kesi, 1962 walipoadhimisha miaka 800 ya kuzaliwa kwake kuna kigogo wa chama alipoteza cheo. Sisi tumekariri muuaji tu, ila huyu ndo aliyeunganisha koo zilizokuwa zinaibiana mifugo na wake, 1206 wakamtawaza Khan wa wote, viongozi wa dini akawasamehe kodi, na njia ya biashara mpaka China ikaja kupitika. Naona hukumu yake irudiwe. Hizo habari za milima ya mafuvu wameandika Waislamu waliopigwa, na aliyepigwa lazima atie chumvi.

Wa Pangani: Mengine yote sawa ila hapo kwenye "Waislamu waliopigwa" umenikera. Miji ya Waislamu Asia ya Kati na Uajemi, Bukhara 1220 ikachomwa, Merv na Nishapur 1221 watu walitolewa nje ya mji wakachinjwa, we unaita chumvi? Na pale Baghdad si alimviringisha Khalifa kwenye zulia farasi wakamkanyaga?

Bint Athumani: Kabla hamjaenda mbali, ule utafiti wa vinasaba wa 2003 uliosema kama 8% ya wanaume wa eneo kubwa la Asia wana ukoo mmoja wa baba unaohusishwa naye, watu wanautaja kama sifa. Wale mama zao waliulizwa? Kaka Mzururaji, hukumu ikirudiwa na hao wawemo.

Mzururaji: @Wa Pangani soma historia kwanza ndo ukasirike. Chinggis kafa 1227, Baghdad ni 1258, hiyo kazi ya Hulagu, mjukuu. Huwezi kumfunga babu kwa kosa la mjukuu.

Wa Pangani: Mjukuu kajifunza wapi? Jeshi la nani lile, mbinu za nani? Usinifundishe miaka hapa jibu hoja.

Mwalimu Mstaafu: Vijana taratibu. Hoja ya kwamba wameandika walioshindwa haisimami. Mwanahistoria Juvayni, ambaye habari nyingi za Bukhara tunazipata kwake, alikuwa mtumishi wa Wamongolia haohao, wakampa na ugavana wa Baghdad. Huyo anakula kwao na bado kaandika maangamizi. Kwenye namba za waliokufa, ndiyo, zimekuzwa. Ila Ibn Battuta, huyuhuyu aliyefika Kilwa 1331, alipopita Bukhara baadaye, zaidi ya miaka 100 imeshapita, alikuta misikiti na masoko bado magofu.

Kashkash: Mbona hamsemi nani alianza? Chinggis alituma msafara wa biashara Otrar, mji wa dola ya Kiislamu ya Khwarazm, 1218, na wafanyabiashara wenyewe wengi walikuwa Waislamu, gavana wa pale akawaua wote akachukua mali. Akatuma mabalozi wadai haki, mmoja akauawa wawili wakarudishwa ndevu zimeondolewa. Mfalme gani angenyamaza? Halafu kwenye mji wa Kashgar mwaka huohuo Waislamu walikuwa wamezuiwa kuswali hadharani, jemadari wake Jebe ndo aliyewafungulia. Hilo Wa Pangani halitaki.

Wa Pangani: Nalitaka sana, na gavana alikosea. Aliyekosea ni gavana na sultani wake, mtoto wa Nishapur kahusika vipi na ndevu za balozi?

Kashkash: Vita vya zama zile vyote vilikuwa hivyo, hao Khwarazm nao waliteka miji ya wenzao kwa upanga tu.

Mwalimu Mstaafu: Vyote hapana. Wengi waliteka miji ili waitawale wale kodi yake. Kumaliza mji mzima mpaka mafundi tu ndo wabaki, wachukuliwe mateka, hiyo ilikuwa mbinu ya makusudi ili mji unaofuata ufungue lango wenyewe.

Bint Athumani: Mafundi, mabalozi, ndevu, mmeshahesabu kila mtu. Nimeuliza wanawake tangu mwanzo hakuna hata mmoja aliyenijibu.

Mzururaji: Dada nakujibu. Hata mkewe Börte alitekwa na Wamerkit, kabila jingine la kule, wakati bado kijana, vita vyake vya mwanzo kabisa vilikuwa vya kumrudisha, kwa hiyo machungu hayo aliyajua.

Bint Athumani: Basi ndo vibaya zaidi. Aliyajua, akaenda kuwafanyia wake wa wenzake.

Kashkash: Sasa tunahama mada, turudini Otrar.