Mafuta ya zeituni kutoka Krete yanawasha koo, niyamwage?

mwana_chake
Wadau salaam. Shemegi yangu baharia kaniletea dumu la mafuta ya zeituni, anasema kayanunua kwa mkulima mwenyewe kisiwa cha Krete huko Ugiriki, sasa mie nimezoea yale ya dukani hayana harufu hayana ladha, haya ya kijani, machungu, ukimeza yanawasha koo mpaka unakohoa, nimeyatia frijini yameganda kama ya nazi wakati wa kipupwe. Mke wangu anasema yameharibika. Niyamwage?

mzee_wa_meli
Yakhe usimwage, kama huyataki nakuja kuyachukua leo leo! Kuwasha ndo uzima wake, zeituni zimechumwa hazijaiva sana. Yakiharibika yananuka kama karanga za mwaka juzi. Na kuganda si kipimo, yote yanaganda kwenye baridi.
Mie nilikwama Krete meli ikitengenezwa, nikapata kibarua cha kuvuna, ilikuwa Novemba. Si kama karafuu unapanda juu unachuma kikonyo kikonyo, wale wanatandika nyavu chini wanapiga matawi, jioni mnapeleka kinuni maana zikilala kwenye magunia zinapata joto zinachacha. Zamani punda akizungusha mawe, kama vinu vyetu vya ngamia vya ufuta, siku hizi mashine na joto halitakiwi kupita digrii 27. Kilo 5 hivi ndo unapata lita 1.

bi_konde
Kumbe hawapiki! Sie tukune nazi, tukamue tui, tulipike mpaka mafuta yajitenge na vile vya chini watoto wagombanie. Na zabibu je, maana nasikia huko ni mvinyo tu.

mzee_wa_meli
Haha bibie, kuona niliona, kuonja sikuonja. Zamani wakizikanyaga kwa miguu kwenye hodhi la mawe, nyengine wanazianika kwanza juani siku kadhaa zizidi utamu. Kuchacha zinachacha zenyewe, kama tembo la mnazi tu. Makapi nayo hawatupi, wanayapika kwenye sufuria la shaba wapate tsikoudia, yaani gongo lao.
Mwana_chake, hayo mafuta yaweke gizani, mwanga na joto ndo vinayaua.

mwana_chake
Sijamwaga. Nimechovea boflo na chumvi, mke wangu kaonja akakohoa akachovea tena. Sasa dumu liko kabatini kwake, na ufunguo anao yeye.