Walimu wa Java, acheni kufundisha StringBufferInputStream! Oda za Chang’ombe zimeniharibikia

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Usiku wa tatu huu silali kwa sababu ya mstari mmoja niliofundishwa chuoni.

Kazi yenyewe ndogo: nina stringi (maandishi) ya XML yenye oda za wateja, na kichanganuzi, yaani programu inayoisoma XML hiyo, kinataka InputStream, yaani mkondo wa baiti. Noti zangu zinasema tumia klasi ya Java inayogeuza stringi kuwa mkondo huo, andika new StringBufferInputStream(s). Nikaandika. Oda za Kariakoo zikapita, za Temeke zikapita. Za Chang’ombe nyingine zinapita, nyingine zinagoma, eti kuna herufi 0x19 isiyoruhusiwa. Ukizitazama zote zinafanana!

Kumbe ni ritifaa ya ng’. Aliyejaza kwa kompyuta kaweka iliyonyooka, aliyejaza kwa simu kapindishiwa na simu yake, ikawa U+2019 (namba ya ritifaa iliyopinda katika Unicode). Sasa StringBufferInputStream inachukua biti 8 za chini za kila herufi na kutupa zilizobaki. 2019 inabaki 19, na XML haiipokei. Waliotengeneza Java wenyewe waliikataa tangu JDK 1.1, mwaka 1997! Mnawapa vijana kitu kilichokataliwa kabla hawajazaliwa?

Nikaomba msaada, nikajibiwa “weka getBytes() tu mkuu”. Hapo ndipo nilipoumia zaidi. getBytes() hugeuza stringi kuwa baiti, na Java 8 isipoambiwa mfumo wa herufi inafuata ule wa mashine. Kwenye Windows yangu ilitoa baiti 0x92, kichanganuzi kikagoma, angalau nikajua. Seva ya mteja ni Linux, haikuwekewa UTF-8 (mfumo unaobeba herufi zote za Unicode), nayo haikusema kitu: iliandika Chang?ombe ikaendelea. Lebo zimechapishwa hivyo, zimebandikwa, mzigo umetoka. Aliyepigiwa simu na mteja ni mimi.

Kinachotakiwa ni hiki:

new ByteArrayInputStream(s.getBytes(StandardCharsets.UTF_8))

Ritifaa inatoka na baiti zake tatu, E2 80 99, kamili. StandardCharsets ipo tangu Java 7, mwaka 2011. Na kichanganuzi kikikubali Reader (mkondo wa herufi badala ya baiti), kipe StringReader, habari za baiti ziishie hapo. Msiniambie Java 18 imeifanya UTF-8 kuwa chaguo-msingi, seva za wateja wangu bado ziko kwenye 8.

Walimu, futeni mstari ule kwenye noti. Na nyie mnaojibu “getBytes() tu”, rudini mkahariri majibu yenu leo hii, kuna mtu anayanakili sasa hivi.