Baba alikuwa mwalimu wa singe KAR. Tumwandikie nini kaburini?

BintiKoplo (Umoja)
Wazee kwa vijana, hamjambo. Naomba ushauri, na mnisamehe nikirefusha.

Baba yetu alifariki 1999. Mwezi wa nane tunajengea kaburi lake kule Machakos, maana mvua imelila mpaka msalaba umeinama. Fundi wa mawe anataka maneno ya kuchonga kabla ya Jumamosi, na nyumbani hatuelewani.

Mzee alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Koplo, batalioni ya 11, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile ya nembo ya kichwa cha kifaru. Walifanya mazoezi Ceylon (Sri Lanka ya leo), kisha 1944 wakaingia Burma na kuteremka bonde la Kabaw mvua ikiwanyea hadi Kalewa. Huko Ceylon kazi yake ilikuwa kufundisha vijana wapigane vipi risasi zikiisha: singe (kile kisu cha mtutu wa bunduki), panga, mikono mitupu.

Kaka mkubwa anataka "Shujaa wa Burma". Mdogo wangu ni mchungaji, hataki vita vitajwe. Mama, miaka 91, anasema andikeni jina mwende mkale.

Mzee niliyemjua mimi hakuweza kuchinja kuku. Mama alikuwa anaita jirani. Lakini usiku wa mvua kubwa aliamka akiamrisha: "Ingiza! Chomoa! Jikinge!" Sisi tulikuwa upande wa pili wa ukuta wa udongo, tumejifunika gubigubi. Kaka zangu walipomwomba awafundishe kupigana, aliwapa majembe.

Mimi alinifundisha. 1977 nilipata kazi ya taipu hapa Nairobi, na usiku wa kuamkia safari akaniita jikoni, akanikamata kifundo cha mkono. "Toka." Nikavuta, nikashindwa, nikaanza kulia. Akasema: "Usishindane na vidole vinne. Mkono ukikushika una mlango mmoja, kwenye kidole gumba. Zungusha, tokea hapo, kimbia. Usibaki kupiga." Tulirudia mpaka chai ikapoa. Miezi minne baadaye, stendi ya mabasi ya mashambani, hapo tunapoita Machakos Airport, jamaa alinishika mkono akitaka saa. Nilitokea mlangoni. Saa ninayo hadi leo, ingawa haitembei.

Sasa sandukuni mwake tumekuta daftari. Majina 43, mwandiko wake. Kumi na saba yana msalaba pembeni. Tangu nilione silali vizuri. Aliwafundisha, halafu akakaa kuwahesabu?

Kaburini tuandike nini, na daftari nilipeleke wapi?

Jembe_Butu
Pole dada. Mimi naona "Shujaa wa Burma" ni kumsifia mzungu vita vyake. Hao wazee waliporudi, bakshishi ya kumaliza vita ililipwa kwa rangi: askari mweupe yake, mweusi yake ndogo. Nenda Kenyatta Avenue uangalie zile sanamu za askari na wapagazi wa vita vya kwanza. Maandishi yapo ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, jina la mtu hata moja hakuna. Mama yako amesema kweli, andikeni jina. Kubwa.

FundiSaa_Kayole
Hiyo saa ilete tuiangalie. Niko serious.

Karani_Mstaafu
Daftari kwanza. Msilitie laminesheni wala selotepu, vyote huharibu karatasi. Mpige picha kila ukurasa, kisha mwone watu wa Makavazi ya Taifa pale Moi Avenue, mkabala na Ambassadeur. Si lazima muwaachie, waulizeni tu lihifadhiwe vipi. Na tafadhali usiyaweke majina hayo hapa, wenyewe wana watoto.

Kuhusu misalaba, usikisie, hilo linaweza kukaguliwa. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya waliokufa, unatafuta kwa jina kwenye mtandao bila malipo. Wengi waliofia Burma bila kaburi linalojulikana, majina yao yamechongwa kwenye nguzo za Taukkyan, karibu na Rangoon, majina takriban 27,000, na keya wetu wamo. Jaribu tahajia zote, makarani wa jeshi waliandika majina ya Kikamba walivyosikia.

Mwalimu_Buru
Nimeshika chaki miaka 34. Swali moja tu: hiyo alama imesimama au imelala? Yaani ni msalaba wa kanisani, au ni ile ya kukosa hesabu?

Kijana_wa_Donholm
Kaka yako ana haki pia. Kalewa si mchezo, hapo ndipo lilipojengwa daraja la Bailey (la vipande vya chuma vya kuunganisha) la futi 1,154 kuvuka mto Chindwin, refu kuliko yote ya aina yake wakati huo. Mtu hafiki hapo kwa bahati. Lakini "shujaa" kila kaburi siku hizi linalo.

BintiKoplo (Umoja)
Asanteni wote. @Mwalimu_Buru, swali lako limenitoa kitandani saa tano usiku. Nimechukua tochi. Nyingine zimesimama, nyingine zimelala, ni mtu aliyekuwa anaandika haraka, pengine daftari liko gotini.

Nimetafuta majina tisa kwa ile orodha. Mawili yanafanana na watu waliomo, na kati ya hayo moja halina alama yoyote. Kwa hiyo sielewi tena.

Kaburini tumekubaliana: jina lake, miaka yake, "Koplo, 11 KAR", na chini "Mwalimu". Kaka amenuna kidogo. Mchungaji anadhani ni mwalimu wa shule ya Jumapili, tumemwacha hivyo.

BintiKoplo (Umoja)
Nimerudi. Jana nilienda nyumbani, Mama akaomba nimsomee majina. Nilisoma polepole, yeye kafumba macho, nikadhani amelala. Nilipofika la kumi na mbili, lenye alama nyeusi iliyokazwa mpaka karatasi ikatoboka, akacheka kwa sauti.

"Huyo? Huyo alikuja harusi yetu. Alikula mguu mzima wa mbuzi, na baba yako akawaambia wageni wote kwamba hajawahi kuona mtu asiyejua kushika singe kama yule."