Gereji za Nairobi, acheni kuua Mini zetu kwa kubahatisha

Wadau, uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa nimechemka, kwa hiyo mwenye haraka apite. Jina la gereji sitalitaja. Iko Industrial Area, ina mapokezi yenye viti vya wageni na mashine ya maji, na bei zake si za jua kali hata kidogo. Nililipa kila shilingi niliyoitishwa. Kazi ndiyo sikuipata.

Gari ni Morris Mini ya 1966, injini ya 848 cc. Sisemi hizi Mini kubwa za siku hizi mnazoziona Westlands. Nasema ile yenyewe aliyoibuni Alec Issigonis, iliyozinduliwa Uingereza Agosti 1959, yenye rimu za inchi 10 na injini iliyokingamishwa. Bodi nimeifufua mwenyewe nyumbani South B. Nimekata kutu yote ya sakafu na ya sabufremu ya nyuma, nikachomelea bati jipya, nikabadilisha raba za breki na kuvuta upya nyaya zilizokauka. Kilichonipeleka gereji ni klachi. Sili ilikuwa inavujisha oili, klachi inateleza, na flaiwili ya Mini, gurudumu zito linaloshikilia klachi, imekazwa kwenye ncha ya shafti iliyochongoka, haitoki bila pula yake maalumu, yaani kifaa cha kuivutia nje. Wapo wanaoitoa kwa nyundo na kuumiza kranki, yaani shafti hiyo. Hawa walisema pula wanayo, na kweli walikuwa nayo. Klachi waliifunga sawasawa, hilo silikatai.

Balaa lilianzia kwenye buti, maana betri ya Mini inakaa huko. Gari za Uingereza za wakati ule, zenye dainamo (mashine ya kuchaji betri iliyotangulia alteneta), nyingi zilifungwa chanya kwenye bodi. Gari yako ya Kijapani ni hasi kwenye bodi, yangu ni kinyume, na ndivyo kiwanda kilivyoitengeneza. Nilijua mtu anaweza kukosea, kwa hiyo niliandika kwa kalamu nene kwenye karatasi, nikaibandika kwa selotepu pembeni ya betri: CHANYA INAFUNGWA KWENYE BODI. USIGEUZE. Kiswahili hicho hakihitaji mkalimani.

Waligeuza. Na walilazimisha, jambo ambalo hadi leo linanikosesha usingizi. Mnajua kichwa cha chanya cha betri ni kinene kuliko cha hasi. Vifungio vya nyaya navyo vinatofautiana, ndiyo maana ukijaribu kugeuza, gari lenyewe linakukataza. Nilipofungua buti nilikuta kifungio kimoja kimepanuliwa kwa bisibisi mpaka kikapasuka, na kile cha pili, kilichokuwa kinacheza, kimebanwa kwa kipande cha bati la mkebe. Yaani fundi aliona hakiingii, aliona kingine kinalegea, karatasi iko mbele ya pua yake, na bado akaendelea. Karatasi yangu ilikuwa imekunjwa chini ya spea tairi.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, kwa sababu hapa ndipo pesa zilipoenda.

Ukigeuza betri kwenye gari la namna hii, linawaka. Starta ya aina hii inazunguka upande uleule hata ukigeuza nyaya, na taa hazijali chanya wala hasi. Kwa hiyo fundi anaona gari limenguruma, anafunga boneti, anaandika risiti. Lakini dainamo ina sumaku kidogo iliyobaki ndani yake, na sumaku hiyo bado inakumbuka mpangilio wa zamani. Injini ikishika kasi, dainamo inazalisha umeme wa kinyume na betri. Mle ndani ya boksi la kudhibiti chaji, ile Lucas RB106, kuna kikato kinachounganisha dainamo na betri volti zikitosha. Kikato hakina akili ya kujua upande. Kinafunga, dainamo na betri zinavaana, cheche zinaruka, pointi za kikato (sehemu zinazogusana) zinaungua.

Dalili yake iko wazi kabisa kwa mtu anayetazama. Taa nyekundu ya chaji kwa kawaida hufifia ukikanyaga mafuta, kisha huzima. Yangu ilizidi kung'aa kadiri nilivyokanyaga. Niliwaambia hivyo siku niliyorudi na gari likiwa linazimika njiani. Kijana akanijibu, "Mzee, hizi gari za wakoloni wiring yake imeoza. Weka betri mpya." Nikauziwa betri. Ikafa. Nikarudi, wakasema betri niliyopewa ilikuwa ya kundi baya, nikaongeza pesa nipewe kubwa zaidi. Nayo ikafa. Safari hiyo wakasema dainamo imekufa, ikapelekwa kusukwa upya waya, nikalipia. Taa bado inang'aa. Ndipo mwenye gereji mwenyewe akatoka ofisini na kuniambia suluhisho ni kuondoa dainamo na kufunga alteneta ya Toyota kwa shilingi 32,000, kazi na spea.

Katika hayo yote hakuna mtu hata mmoja aliyeshika mita. Hata mmoja! Mita ya kupimia volti unaipata Luthuli Avenue kwa chini ya elfu moja. Gereji yenye lifti mbili za kuinulia magari haina mita, au inayo na hawaoni haja.

Nikavuta gari nyumbani na kulifungua. Wenye gari la dainamo, hifadhini hatua hizi, maana hakuna atakayewaambia pale.

Kwanza nilirudisha betri ilivyo, chanya kwenye bodi, kwa vifungio vipya. Nikafungua boksi la kudhibiti nikakuta pointi za kikato zimekuwa nyeusi na zina vishimo. Nikazisugua kwa msasa laini sana na kuzifuta. Kisha nikaikumbusha dainamo upande wake: unatoa nyaya zake zote mbili, ule mnene wa D (unaotoa umeme) na ule mwembamba wa F (wa koili za sumaku), halafu unachukua waya kutoka kichwa cha betri ambacho hakijafungwa kwenye bodi na kuugusisha F mara chache, kugusa na kuachia. Utaona cheche ndogo. Basi, sumaku imekaa upande wake.

Baada ya hapo unaipima. Nyaya zikiwa bado nje, unaunganisha D na F pamoja kwa kipande cha waya, unaweka mita kati ya hapo na bodi, unawasha injini na kuongeza mwendo taratibu. Dainamo nzima inapandisha volti upesi, na ukifika 20 hivi unaachia, usiendelee kukanyaga. Yangu ilipanda bila kusita. Ile dainamo waliyosema imekufa, wakanilipisha kuisuka, haikuwa na ugonjwa wowote. Nilitazama hata ndani kwa tochi: waya ni ule ule wa zamani, vumbi la zamani, brashi za zamani. Haikusukwa. Ilipakwa rangi nyeusi juu.

Hapo ndipo niliketi na risiti zao zote nikaanza kusoma mstari kwa mstari. Na kuna mstari mmoja ambao ningependa kila mwenye Mini aujue, kwa sababu unamfichua fundi papo hapo. Wameandika: oili ya injini, lita 4. Oili ya gia, lita 2.

Ndugu zangu, Mini ya gia za mkono haina oili ya gia. Gia zake ziko chini ya injini, ndani ya sampu ileile, na oili ni moja inayolainisha kila kitu, karibu lita 5 ukihesabu na filta. Hakuna tundu la pili la kumiminia. Basi lita 2 za oili ya gia zilienda wapi? Kama hazikuwekwa, ni wizi. Kama zilimiminwa mle mle juu ya injini, ni uharibifu, kwa sababu oili nzito ya gia haikutengenezewa kupita kwenye beringi za injini na kwenye tundu nyembamba za hedi. Nilimpigia simu meneja kumuuliza. Akasema, "Bosi, hiyo ni sabisi ya kawaida." Nikamwomba anionyeshe kwa kidole mahali inapoingia. Akakata simu. Nimemwaga oili yote na kuweka 20W-50 mpya, na filta mpya, kwa gharama yangu.

Halafu boliti. Mini imefungwa kwa boliti za inchi. Boliti yenye kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 inaingia na kucheza kidogo. Ile ya 7/16 ni milimita 11.1: spana ya 11 inagoma, ya 12 inateleza. Ile ya 9/16 ni 14.3, hadithi ni ileile. Fundi asiye na spana za inchi anapiga ya 12 kwa nyundo, anavuta, anakata pembe, kisha anakuja na koleo la meno. Boliti za kifuniko cha flaiwili yangu sasa zimekuwa duara kama vifungo vya shati. Spana za inchi bado zinauzwa Kirinyaga Road, mpya na za mtumba, nimezinunua huko mwenyewe. Kama unapokea gari la Uingereza na kumtoza mtu bei ya Industrial Area, nunua spana!

Kabureta nayo waliichezea bila kuombwa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na gari lililosetiwa Ulaya linakunywa mafuta kupita kiasi hapa. Mimi nilikuwa nimepunguza mafuta vizuri kwenye kabureta yangu, ambayo ni ya aina ya SU, plagi zina rangi ya kahawia ya chai. Iliporudi plagi zilikuwa nyeusi tii, masizi matupu, na sairensa inatoa moshi. Wao waliisikiliza kwa sikio na kuzungusha nati ya jeti mpaka mlio ukawapendeza. SU ina kipini kidogo pembeni kwa ajili ya kazi hiyohiyo: injini ikiwa imepata moto, unakisukuma juu na kuinua pistoni ya kabureta kama milimita moja. Mlio ukipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Injini ikitaka kuzima, ni machache. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, acha hapo hapo. Nusu dakika tu.

Najua kuna watakaokuja kuniambia niuze hiki chuma ninunue Vitz. Wameshaniambia estate nzima. Jamani, gari ambalo kila sehemu yake unaweza kuifungua kwa mkono, kuipima na kuifunga tena, ambalo limetembea barabara za nchi hii tangu miaka mitatu baada ya uhuru, haliko njiani kwa sababu ya huruma. Linastahili kuwa barabarani. Ndugu yake, Mini Cooper S, ndiyo iliyoshinda mbio za magari za Monte Carlo 1964 mbele ya magari yenye injini kubwa mara kadhaa. Haifi kwa uzee. Inauliwa na mtu anayeona taa nyekundu na kuuza betri.

Na sisemi mafundi wote wa Nairobi hawafai. Kuna mzee pale Kariobangi Light Industries aliyenitengenezea bushi za mikono ya mbele kwenye mashine ya leth kwa kupima na vanya, akapima tena, akanirudishia chenji. Hana mapokezi wala mashine ya maji. Ninachodai ni kitu kimoja: pima kabla ya kuuza. Kama gari hulijui, sema hulijui, mteja atafute mwingine. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kumtoza mtu pesa ya kubahatisha, ukikosea unamtoza tena ya kubahatisha upya, na lawama zote unatupia umri wa gari.

Nimewaandikia barua nikidai pesa za betri zote mbili, za dainamo isiyosukwa, na za hiyo oili ya gia. Nimeambatisha picha za vifungio, za bati la mkebe na za pointi zilizoungua. Hawajanijibu. Hatua inayofuata ni Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, inayosikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, na mtu anaweza kwenda bila wakili. Fomu ninazo mezani. Mwenye risiti za namna hii asizitupe, na aliyewahi kufungua kesi pale dhidi ya gereji aniambie alipeleka ushahidi gani, na kama fundi mwingine alikubali kuja kutoa maelezo mbele ya hakimu.

Kwa sasa chaji imerudi, lakini zile pointi nilizosugua hazitadumu. Natafuta RB106 nzima, iliyotolewa kwenye gari, hata kama ni ya Morris Minor, pamoja na boliti zenye kichwa cha 7/16 za kifuniko cha flaiwili. Mwenye nazo Nairobi, Thika au Nakuru aandike hapa chini, nitakuja na mita yangu tupime pamoja kabla sijalipa.